Punda Afe, Mzigo wa Bwana Ufike?



Jumapili moja mwezi uliopita, tulipokuwa tukinywa chai baada ya ibada, kijana mmoja wa kwaya alinijia na simu mkononi. Alikuwa amesoma habari za ngozi za punda zilizokamatwa hapa Afrika Kusini kabla hazijasafirishwa kwenda ng'ambo. Akaniuliza, "Anti, ni dhambi kuchinja punda?"

Kabla sijafungua mdomo, wakubwa walilidaka swali. Mama mmoja wa Naivasha akasema ni dhambi hata kuliwaza jambo hilo. Baba mmoja wa Singida akamjibu kwamba mnyama ni mnyama. Kama mbuzi tunamchinja Krismasi na kumshukuru Mungu, punda ana utakatifu gani? Ndipo Papa mmoja wa Goma akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Kwetu punda ni mtu," akasema. "Mimi nimesukuma chukudu yenye magunia ya viazi kwa miaka sita, kupanda na kushuka. Sikuona chama hata kimoja cha kunitetea."

Kijana alibaki akitutazama mmoja mmoja. Nilimwahidi kwamba nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu swali lake halikuwa la kujibiwa huku mtu ameshika kikombe. Hili ndilo jibu langu. Nakiri tangu mwanzo kwamba katika jambo hili mimi si shahidi wa mbali.

Zizi tupu

Nyumbani kwetu, mkoa wa Dodoma, tulikuwa na punda wawili. Asubuhi walichota maji nasi, kila mmoja madumu manne. Wakati wa mavuno walibeba mtama na uwele kutoka shambani, na siku nyingine wakapeleka nafaka mashineni. Mimi nilikuwa mswagaji. Nilikuwa na fimbo, na nilijua mahali pa kumpiga ili aende haraka: palepale palipokuwa na kidonda cha jana. Hakuna aliyenifundisha ukatili huo na hakuna aliyenikataza. Niliposikia shule ya Jumapili habari za punda wa Balaamu, aliyefunguliwa kinywa akamuuliza bwana wake kwa nini anapigwa, niliwaza usiku kucha kwamba wa kwetu naye ataniuliza. Hakuuliza. Kesho yake nikachukua fimbo.

Miaka mingi baadaye nilikuwa hapa Johannesburg, nikifanya kazi za ndani. Kazi ikakatika. Kodi ya chumba ikalala miezi miwili, na mwenye nyumba akaanza kuongea kwa sauti mlangoni. Nyinyi mnajua aibu ya simu ile: sisi ndio tunaotuma pesa nyumbani, na siku hiyo mimi ndiye niliyeomba. Kaka yangu hakuniambia atazipata wapi. Baada ya wiki moja zikafika, nikalipa, nikaishi.

Niliporudi likizo nilikuta zizi tupu. Kaka alikuwa amewauzia punda wetu wote wawili wanunuzi waliokuwa wakipita vijijini kutafuta wa kupeleka machinjioni. Mama yangu, aliyekuwa amepita miaka sitini, alikuwa akitoka kisimani na dumu kichwani. Sikujua niseme nini. Yeye ndiye aliyesema: "Ulikuwa na shida, mwanangu."

Kwa hiyo, kijana wangu, ninapozungumza juu ya biashara ya punda, nazungumza juu ya biashara iliyonilipia kodi.

Biashara yenyewe

Punda hawa hawakuchinjwa hasa kwa ajili ya nyama. Ngozi ya punda ikichemshwa hutoa gundi ambayo China hutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Watu huitumia kwa kuongeza damu, kwa nguvu, na kwa urembo. Zamani ilikuwa kitu cha wachache. Watu walipoanza kuwa na pesa, ikawa kitu cha wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 China yenyewe ilikuwa na punda karibu milioni 11. Miaka thelathini baadaye hawakufika hata milioni 3. Wafanyabiashara wakageukia Afrika, ambako wako zaidi ya nusu ya punda wote wa dunia.

Sasa, punda si kuku. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, na huzaa mtoto mmoja. Huwezi kuwazalisha haraka kama nguruwe ili kushibisha kiwanda. Kiwanda kikifunguliwa, kinachokula ni wale punda waliopo, wale walio kazini.

Kenya ilifungua machinjio manne ya punda yenye leseni kuanzia mwaka 2016: Mogotio katika Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta punda zaidi ya milioni 1.8 nchini humo. Ya mwaka 2019 ikakuta karibu milioni 1.2. Wenye punda walianza kuamka asubuhi na kukuta kamba imekatwa. Wengine walikuta mabaki vichakani, ngozi imechunwa na nyama imeachwa. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, akapiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata kampuni moja ya machinjio ikaenda Mahakama Kuu, na marufuku ikabatilishwa. Tanzania nayo ilikuwa na machinjio Dodoma na Shinyanga, na mwaka 2021 serikali ikasimamisha. Hatimaye, Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi katika bara zima kwa miaka 15.

Mama wa Naivasha alisema kweli, basi? Subirini. Waliotetea machinjio nao walikuwa na maneno yao, na si ya kijinga. Vijana wa Mogotio walipata ajira mahali penye ukame. Mzee mwenye punda aliyechoka, ambaye zamani angekufa bure porini, alipata bei. Walisema pia kwamba machinjio yenye leseni yana daktari wa mifugo na mkaguzi, ilhali kichaka hakina mtu. Ukifunga mlango wenye taa, wanaingilia wa gizani.

Jambo hilo limeonekana mbali na kwetu pia. Marekani ilifunga machinjio yake ya mwisho ya farasi mwaka 2007, na waliowapenda farasi wakafurahi. Lakini farasi wasiotakiwa waliendelea kuwapo. Wakapakiwa kwenye malori kwenda kuchinjwa Meksiko na Kanada, safari ndefu kuliko ile ya kwanza. Kifo hakikuondoka. Kilihamia mahali ambapo wenye huruma hawakukiona.

Kaeni na jambo hilo kidogo, wapendwa, kwa sababu ndipo swali letu lilipo. Huruma yetu hufuata macho yetu. Tunamhurumia punda kwa kuwa tumemjua. Tumempa jina, tumempanda utotoni. Mbuzi hatumjui kwa jina, basi hatumlilii. Mwenzetu wa mtaa wa pili akimlilia mbwa wake, tunamcheka. Huruma ya namna hii ni njema, lakini ina upendeleo mkubwa. Haiwezi kubeba haki peke yake.

Neno la Papa wa Goma

Turudi sasa kwa neno la Papa, kwa sababu najua wengi ukumbini waliitikia kwa kichwa. Neno lake lilikuwa hili: wanapendwa wanyama, na sisi je?

Tukae na uchungu huo bila kuukimbia. Mei 2008, moto ulipoanzia Alexandra na kusambaa mitaani, watu zaidi ya 60 waliuawa, wengi wao wageni kama sisi. Wapo kati yetu waliolala kwenye mahema msimu ule wa baridi. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa siku nzima kwenye kituo kimoja cha afya na mtoto wa shangazi mwenye homa, nikaambiwa nikalete karatasi kwanza. Jioni ile nilirudi kwa mwajiri wangu nikamkuta amempeleka mbwa kwa daktari kwa ajili ya sikio. Sikumchukia mbwa. Lakini sitadanganya kwamba moyo wangu ulikuwa na nafasi ya kusikia habari za haki za wanyama.

Historia ya nchi hii nayo inampa Papa nguvu. Sheria kuu ya ulinzi wa wanyama hapa ni ya mwaka 1962, sheria namba 71. Inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita nguvu zake, kumnyima maji na chakula, na kumfunga au kumsafirisha kwa namna ya kumtesa. Punda yumo, mbuzi yumo, kuku yumo. Ni sheria nzuri. Lakini ilipitishwa na bunge la Wazungu watupu katika siku za ubaguzi wa rangi. Mwaka huohuo bunge hilohilo lilipitisha sheria namba 76, iliyoitwa sheria ya hujuma, ambayo adhabu yake iliweza kufika kifo. Agosti mwaka huohuo Nelson Mandela alikamatwa karibu na Howick, akaletwa hapa Johannesburg na kufungiwa katika gereza la Old Fort. Namba 71 ikamlinda punda. Namba 76 ikamwinda mtu.

Kwa hiyo tusiseme lile neno rahisi kwamba anayemhurumia mnyama atamhurumia na mtu. Si kweli. Nchi hii ilithibitisha kwamba mtu anaweza kumfunika farasi wake blanketi, kisha akaingia ndani kutia saini amri ya kumfukuza jirani yake kwenye nyumba.

Lakini je, kutokana na hayo tuseme kwamba punda apigwe mpaka watu wote wapate haki? Hapa ndipo ninapoachana na Papa, kwa heshima. Mtu akikudhulumu, hupati ruhusa ya kumdhulumu aliye chini yako. Ubaya wa mwaka 1962 haukuwa kwamba punda alilindwa. Ubaya ulikuwa kwamba mtu hakulindwa.

Angalieni na upande wa pili. Mwaka 1983, magharibi mwa hapa, katika ile iliyoitwa Bophuthatswana chini ya Lucas Mangope, serikali iliamua kwamba punda ni wengi mno. Kulikuwa na ukame, na ikasemwa kwamba punda wanaharibu malisho. Askari na polisi wakatumwa na bunduki. Maelfu ya punda wakapigwa risasi, mbele ya wenyewe. Hawakuliwa, hawakuuzwa. Wenye ng'ombe wengi walipata nyasi. Waliopoteza ni maskini wasiokuwa na gari wala trekta, ambao punda ndiye aliyewachotea maji, kuni na mazao. Wazee wa huko wanakumbuka mpaka leo, na si punda tu wanaowalilia. Walielewa siku ile serikali yao iliwaona wao wenyewe kuwa nini.

Hapo, Papa wangu, punda na mtu walipigwa kwa risasi moja. Ndivyo ilivyokuwa Naivasha kamba ilipokatwa usiku; asubuhi mama akasukuma mkokoteni kwa mikono yake. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: punda alipoondoka, dumu halikuondoka. Lilihamia kichwani kwa mama. Mara nyingi tunapoambiwa tuchague kati ya mnyama na maskini, anayetuambia hivyo si maskini.

Deni

Hata hivyo sitaki kumaliza hapo, kwa sababu nikiishia hapo nitakuwa nimesema kwamba punda ana thamani kwa kuwa tu anatubebea. Na yule asiyetubebea kitu je? Hapa Waswahili wametuachia methali mbili juu ya punda, na zote mbili zinatushtaki sisi.

Ya kwanza husema shukrani za punda ni mateke. Tunaitumia kwa mtu asiye na fadhila. Lakini nani anamdai nani hapo? Punda amebeba maji yetu miaka kumi na tano. Kama kuna wa kutoa shukrani, si yeye. Ya pili ni ile niliyoiweka juu ya ukurasa huu: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Kila mmoja wetu hapa mjini amewahi kuwa punda wa methali hiyo. Tumebeba mizigo ya mabwana wasiouliza kama tumekula. Tunajua jinsi ilivyo mtu kukuhesabu kwa mzigo tu. Basi tunawezaje kuijua methali hiyo kutoka chini na bado tukaitumia tukiwa juu?

Nadhani neno tunalolitafuta si huruma bali ni deni. Huruma huuliza: nampenda? Deni huuliza: nimechukua nini kwake? Kwa punda tumechukua nguvu. Kwa mbuzi na kuku tunachukua uhai wenyewe. Hatukuomba, nao hawawezi kukataa. Aliyechukua kwa asiyeweza kukataa anadaiwa, hata kama hampendi, hata kama yeye mwenyewe amedhulumiwa na watu wengine. Mwenye nyumba wangu hakuifuta kodi kwa sababu mimi pia nilikuwa nadai mshahara mahali pengine.

Torati inalijua jambo hili. Katika Kutoka 23 kuna amri juu ya punda aliyelala chini ya mzigo wake, naye ni punda wa mtu anayekuchukia. Umsaidie. Amri haikuulizi kama unampenda mwenye punda, wala kama punda ni mzuri wa kutazama. Inataka mikono yako chini ya mzigo. Naam, najua ndugu mmoja atanikumbusha Paulo, ambaye katika 1 Wakorintho 9 anaichukua amri ya ng'ombe apuraye nafaka na kuuliza kama kweli Mungu alikuwa anawafikiria ng'ombe, kisha anaielekeza kwa watenda kazi. Lakini fikirini hoja yake inavyosimama. Anasema mtenda kazi asinyimwe matunda ya kazi yake, na anasimamisha neno hilo juu ya ng'ombe. Kama kumfunga ng'ombe kinywa wakati anapura si ubaya, ngazi ya Paulo haina kipago cha kwanza.

Mahakama ya nchi hii nayo imefika karibu na hapo kwa njia yake. Mwaka 2010 wakaguzi wa NSPCA, chama cha taifa cha kuzuia ukatili kwa wanyama, walishuhudia ngamia wawili wakichinjwa kwa mateso katika ibada ya kidini. Waendesha mashtaka wa serikali wakakataa kufungua kesi. Chama kikaomba kiruhusiwe kushtaki chenyewe, na Desemba 2016 Mahakama ya Katiba ikakubali. Jaji Sisi Khampepe, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba wanyama wanastahili ulinzi si kwa ajili ya maadili yetu wanadamu peke yake, bali pia kwa kuwa wao wenyewe ni viumbe wenye hisia, wanaoweza kuteseka. Mahakama hiyo iko Braamfontein, kwenye kilima kilekile cha gereza la Old Fort, na matofali ya sehemu ya gereza lililobomolewa yalitumika kuijenga. Pale alipofungwa mtu mwaka ule punda alipopewa sheria, ndipo leo mtu na mnyama wote wana pa kusemewa. Wengi wenu mnapita hapo kwa teksi kila siku kwenda kazini.

Kumbukeni pia kwamba kesi ile ilianzia kwenye ibada. Nia ya wale watu ilikuwa njema, kumtolea Mungu. Nia njema haikupunguza maumivu ya ngamia.

Kuku wa Jumamosi

Sasa kijana wangu, jibu lako. Je, ni dhambi kuchinja punda? Sidhani dhambi iko kwenye nyama. Petro alioneshwa kwenye maono ya Matendo 10 kwamba asiite najisi kile ambacho Mungu amekitakasa, na watu wa mataifa mengine hula punda kama sisi tulavyo mbuzi. Sina la kuwaambia. Dhambi naiona kwingine: kwenye kamba iliyokatwa usiku, kwenye safari ya siku tatu bila maji ili mzigo ufike, kwenye bei inayomfanya maskini auze mkono wake wa kulia kwa sababu ana shida ya leo. Biashara ile ilijengwa juu ya mambo hayo matatu, na ndiyo maana nafurahi kwamba viongozi wetu waliikataa Addis Ababa. Nitafurahi zaidi nikiona wakaguzi wanalipwa na mipaka inalindwa. Marufuku isiyo na mkaguzi ni karatasi, na wenye ngozi gizani wanalijua hilo.

Ukiniuliza tena, kama Baba wa Singida, mbuzi ana kosa gani hata achinjwe, sitakwambia kwamba mbuzi haumii. Anaumia. Nitakwambia kwamba tukimchukua, tunadaiwa mambo ambayo tunaweza kuyalipa: maji mpaka saa ya mwisho, safari fupi, kisu kikali, mkono unaojua kazi, na kutotupa kitu. Hayo si mambo ya Wazungu. Babu zetu waliyajua. Babu yangu hakuruhusu kisu kinolewe mbele ya mbuzi, wala mbuzi wa pili achinjwe mwenzake akitazama. Hakuwa amesoma sheria namba 71.

Na hapa, wapendwa, naomba tujitazame. Jumamosi tunanunua kuku hai pembeni ya barabara. Tunawafunga miguu, tunawashika vichwa chini kutoka sokoni mpaka Yeoville, tunapanda nao teksi, tunawatupa kwenye balkoni ya ghorofa ya nne bila maji mpaka asubuhi. Harusi ikija, mbuzi wanaletwa kwenye buti la gari. Sheria ya nyama ya mwaka 2000 inaturuhusu kuchinja kwa matumizi yetu na kwa mila na dini, ilimradi hatuuzi. Lakini jiji linataka taarifa mapema, na majirani wajue. Wengi wetu hatutoi taarifa, kwa sababu tunaogopa kila ofisi. Hofu hiyo naielewa. Ila kuku aliyeshikwa kichwa chini haangalii karatasi zetu, na kumpa bakuli la maji hakuhitaji kibali.

Kule Lamu, ambako punda ndio magari ya mji wa kale, kuna kituo cha matibabu ya punda tangu mwaka 1987, na huwa kuna mashindano ambapo mwenye punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote hupewa zawadi. Nimependa kwamba zawadi huenda kwa mchukuzi, mtu maskini mwenyewe. Hawakumwambia achague kati ya tumbo lake na mgongo wa punda wake.

Mwaka jana nilimtumia kaka pesa kidogo kidogo mpaka akanunua punda jike mmoja. Si yule niliyempiga; yule hawezi kulipwa tena, na deni lake nitakufa nalo. Huyu mpya anabeba madumu mawili, si manne. Mama ndiye aliyeamua hivyo. Nilipomuuliza kwa simu kwa nini, akasema, "Mimi nimelibeba hilo dumu. Najua uzito wake."

Papa wangu wa Goma, nadhani wewe pia unaujua. Jumapili ijayo chai naandaa mimi, nawe kijana uje na swali lingine.

Bwana awabariki nyote.